Mwanagenzi wa Sayansi na Mfuko wa Fedha

Msomaji, wako watu wasemao kuwa sayansi haina kabila, haina jinsia, wala haina wilaya. Kwa hiyo fedha za utafiti apewe aliye hodari, na asiyepata asinung'unike. Neno hili ni tamu masikioni. Nusu yake ni kweli, lakini nusu ya kweli huweza kudanganya kuliko uongo mzima. Ni kweli kuwa sumaku huvuta chuma cha tajiri na cha maskini sawasawa. Lakini sumaku haiandiki ombi la fedha, wala haiketi katika baraza la kuchagua watafiti. Kazi hizo ni za wanadamu, na macho ya wanadamu huwaona upesi walio karibu, na walio mbali huwapita. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Nitakupa mfano wa mtu ambaye jina lake si geni kwako. Wangari Maathai alizaliwa Nyeri mwaka 1940. Alisoma elimu ya viumbe Marekani, kwanza katika jimbo la Kansas, kisha katika mji wa Pittsburgh. Mwaka 1966 alirudi Kenya na barua mkononi ya kumwahidi kazi katika chuo kikuu cha Nairobi. Alipofika aliambiwa kuwa nafasi ile amekwisha kupewa mtu mwingine. Baadaye alieleza katika kitabu cha maisha yake kuwa hapo ndipo alipoonja vizuizi viwili kwa mara moja: kizuizi cha kabila na kizuizi cha uanamke.

Elimu alikuwa nayo. Akili alikuwa nayo. Barua alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu wa kumfungulia mlango. Mtu huyo alitokea: Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya elimu ya maungo ya wanyama katika chuo hicho hicho. Alimwajiri awe msaidizi wake, kisha akamhimiza aende Ujerumani kuzidisha maarifa. Mwaka 1971 Wangari alipata shahada ya udaktari Nairobi, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa piga hesabu, msomaji. Kama mgeni yule hangetokea, tungalipoteza nini? Na je, ni wangapi waliorudi na barua zao wasikutane na mtu wa namna ile? Majina yao hatuyajui, na kutoyajua huko ndiko hasara yenyewe. Taifa linaloacha vipaji vyake viokolewe na bahati ni kama mkulima anayetupa mbegu njiani, kisha akausifu mche mmoja uliootea penye ufa wa jiwe.

Mimi nasema kuwa malezi ya mwanagenzi ni sehemu ya utafiti, wala si sadaka inayotolewa baada ya utafiti kwisha. Tazama ombi la fedha linavyoandikwa. Hadubini ina bei yake, dawa za maabara zina bei yake, na mafuta ya gari yana bei yake. Lakini saa za mwalimu anayeketi na kijana, akimsahihishia hesabu na kumwonyesha kwa nini jaribio limeharibika, huachwa bila bei, kama kwamba zinaokotwa. Kitu kisichohesabiwa ni cha kwanza kusahauliwa. Mwalimu mwenye kazi nyingi atamlea nani kwa saa hizo za bure? Atamlea aliye karibu naye, anayesema lugha yake na kufanana naye. Binti wa Turkana, kijana wa Mandera, na mwanafunzi asiyeona watabaki mlangoni, wala hapatakuwa na mtu aliyesema wazi kuwa amewafukuza.

Mafundi wetu walilijua jambo hili zamani. Mjenzi wa majahazi wa Lamu hakuupata ufundi wake kwa kutazama chombo kilichokwisha kushushwa majini. Alishika ubao wakati fundi akipigilia misumari, akakosea, akaonywa, akarudia. Mwanagenzi wa sayansi hana njia nyingine. Tofauti ni kwamba maabara ni ghali kuliko kiunzi cha jahazi, na kijana wa maskini hawezi kushika ubao miaka minne bila posho.

Mtu huweza kujibu kuwa haya ni ndoto. Si ndoto. Thomas Odhiambo alianzisha Nairobi, mwaka 1970, kituo cha kuchunguza wadudu kijulikanacho kwa jina la ICIPE. Mwaka 1983 kituo hicho kilianza, pamoja na vyuo vikuu vya Afrika, mpango wa kuwafundisha vijana wa bara hili hadi shahada ya udaktari. Kijana aliandikishwa katika chuo kikuu, akafanya uchunguzi wake kituoni chini ya uongozi wa wataalamu. Fedha za kazi hiyo ziliombwa na zikapatikana, kwa kuwa malezi yaliandikwa kuwa kazi yenye gharama.

Wengine husema kuwa kumtengea fungu asiyeonekana ni kushusha kipimo. Na tukipime kipimo chenyewe. Mwaka 2011 jarida la Science lilitangaza uchunguzi wa maombi ya fedha yaliyopelekwa katika taasisi za taifa za afya za Marekani kati ya mwaka 2000 na 2006. Wachunguzi walilinganisha waombaji kwa elimu, mafunzo, maandishi na mengineyo. Hata baada ya hayo, Mmarekani mweusi alikuwa nyuma ya mweupe kwa pointi 10 katika kila 100 za uwezekano wa kupata ruzuku. Ukiona mizani inainama kabla ya mzigo kuwekwa, usimlaumu mwenye mzigo, tengeneza mizani. Taasisi hizo zilianza mwaka 2014 mtandao wa kitaifa wa kuwalea watafiti. Lakini mwaka 2025 serikali ya nchi hiyo ilikatisha ruzuku nyingi zenye shabaha ya namna hiyo, hata mashauri yakafika mahakamani. Hapo pana funzo kwetu: mtoto anayelishwa kwa kijiko cha jirani hushinda na njaa siku jirani anapokasirika.

Basi, tule chetu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na ikaagiza upewe kila mwaka asilimia 2 ya pato la taifa. Agizo hilo halijatimizwa. Asemaye kuwa nchi ni maskini mno kuwalea wanasayansi na ajibu swali hili: nchi iliyo maskini yaweza kupoteza akili ngapi bila kufilisika?

Nakugeukia wewe, msomaji. Huenda siku moja ukaandika ombi la fedha, au ukaketi katika baraza la kuyapima maombi ya wenzako. Ukiandika, usililie huruma. Taja wanagenzi ni wangapi, watatafutwa wapi, nani atawalea, na kwa saa ngapi kila juma. Taja posho yao na nauli yao. Taja kazi watakayoiweza mwishoni ambayo mwanzoni hawakuiweza, na uahidi kuwa jina la aliyefanya kazi litaandikwa juu ya kazi yake. Ukipima, usiulize tu ni kurasa ngapi zilizopigwa chapa. Uliza pia wako wapi waliofundishwa kwa fedha zilizopita. Mwalimu asiyeweza kujibu swali hilo hajastahili fedha nyingine, hata awe na sifa kubwa namna gani.

Na kama wewe ndiwe unayesimama mlangoni, usidhani kuwa kubisha hodi ni kuomba hisani. Ugonjwa wa ng'ombe wa kwenu, ukame wa kwenu na maji ya chumvi ya kisima cha kwenu vinangoja mtu anayevijua tangu utoto. Sayansi isiyokuwa na wewe ina pengo mahali pako. Bisha hodi, uingie, ujifunze. Na siku utakapopewa ufunguo, kumbuka kuwa mlango una pande mbili.