Kalamu ya Rais na Mzigo wa Mwananchi

Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Mithali hii twaisema kila siku, lakini mara chache twajiuliza ni nani aliyewaamuru tembo wapigane. Katika dola, mwenye kuamuru ni Rais. Mkulima wa Bukoba haandiki barua ya kuvunja ubalozi, wala mchukuzi wa bandarini hapeleki jeshi mpakani. Rais ndiye afanyaye hayo kwa neno lake na kwa kalamu yake. Lakini gharama hailipi peke yake. Hulipwa na mkulima yule yule na mchukuzi yule yule. Basi ni haki yetu kuuliza: neno hilo hutoka vipi, na sisi twaambiwa nini?

Tukumbuke mwaka 1965. Tarehe 11 Novemba, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru kule Rhodesia, uhuru wa wachache juu ya migongo ya Waafrika walio wengi. Uingereza, iliyokuwa mwenye koloni, ilisema maneno mengi lakini fimbo haikuiinua. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Addis Ababa, wakakata shauri: Smith asipoangushwa ifikapo tarehe 15 Desemba, kila nchi mwanachama ivunje ubalozi na Uingereza. Siku ilipofika, nchi nyingi zilinyamaza. Mwalimu Nyerere hakunyamaza. Tanzania ilivunja ubalozi, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kukubaliwa ukazuiwa. Uhusiano haukurudi mpaka mwaka 1968.

Kwa nchi changa kama yetu, zile zilikuwa fedha nyingi sana. Lakini tazama jinsi jambo lenyewe lilivyofanywa. Siku moja kabla, tarehe 14 Desemba, Rais alisimama mbele ya Bunge akaeleza sababu za uamuzi ule. Hasara ilikuja, ndiyo, lakini iliwajia watu waliokwisha kuambiwa wanasimamia nini. Mtu aliyeambiwa sababu huweza kubeba mzigo mzito. Asiyeambiwa huona hata mzigo mwepesi ni uonevu.

Sasa tutazame Marekani, taifa lijisifulo kwa demokrasi. Katiba yao yasema kwamba kutangaza vita ni kazi ya Kongresi, si ya Rais. Maneno mazuri kabisa. Lakini mwezi Agosti 1964 Rais Johnson aliwaambia wananchi wake kwamba meli za Marekani zimeshambuliwa mara mbili katika Ghuba ya Tonkin. Shambulio la tarehe 2 lilikuwa kweli. Lile la tarehe 4 baadaye ilionekana kwamba halikutokea. Baraza la Wawakilishi likampa idhini ya kutumia nguvu kwa kura 416, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Katika Seneti walipinga wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening. Vita havikutangazwa kamwe, lakini kufika 1968 askari wa Marekani zaidi ya 500,000 walikuwa Vietnam. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa, na Wavietnam waliokufa ni wengi mno kuliko hao. Mwaka 1973 Kongresi ilitunga sheria ya kumfunga Rais mikono, lakini majuto ni mjukuu.

Basi ndugu, karatasi peke yake haizuii vita. Bunge la kupiga makofi ni sawa na kutokuwa na Bunge.

Wapo watakaosema: Rais anajua siri tusizozijua, na adui hangoji mkutano. Neno hilo lina ukweli. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua watu, yakapora ng'ombe, yakabomoa daraja la Kyaka, naye Amin akajitangazia kwamba nchi ile ni yake. Nani angemtaka Rais aitishe kwanza kikao? Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilihutubia taifa: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Wananchi walielewa, nao wakatoa vijana wao, wakatoa ng'ombe na chakula.

Lakini hapo ndipo penye fundisho. Kumfukuza mwizi nyumbani ni jambo moja. Kumfuata mpaka kwake ni jambo la pili. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mimi ni miongoni mwa wasemao kwamba Amin alistahili kuanguka. Hata hivyo miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni za sukari na sabuni. Vita havikuwa sababu pekee, kwani bei ya mafuta ilikuwa imepanda na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977; lakini vilikuwa sababu kubwa. Hata vita vya haki huleta hesabu mezani, na hesabu hiyo yataka kusomwa mbele ya wenye kulipa.

Katiba yetu ya 1977 imeliona jambo hili. Ibara ya 44 yampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, lakini nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika, na katika muda wa siku 14 Bunge huitishwa ili liamue kuliunga mkono au kutoliunga mkono. Ibara ya 63 yataka mikataba ipitie Bungeni. Mlango upo, kazi ni ya wabunge kuuingia, na ya sisi kuwasukuma.

Hatutaki Rais dhaifu. Rais asiyethubutu kumwambia mkubwa "hapana" angeliacha taifa likanyagwe, na mwaka 1965 umetufundisha thamani ya neno hilo. Tunachotaka ni Rais atuambiaye: hili ndilo nitakalo kufanya, hii ndiyo sababu, na hii ndiyo gharama. Na tunataka mbunge asiyeona haya kusimama peke yake, kama wale wawili wa Seneti, pale wenzake wote wanapopiga makofi. Siri za jeshi zifichwe. Sababu za vita zisifichwe. Mwenye kutoa mwanawe ana haki ya kujua anamtolea nini.