Usiwasomee wenye mali orodha ya mali zao

Kuna ushauri ambao vijana wa Nairobi wanaosomea fedha hupewa na karibu kila mtu. Ukiitwa usaili katika kampuni ya mitaji binafsi, ingia kwenye tovuti yao, kariri kila biashara waliyowekeza, mwaka walioingia na asilimia ya hisa walizochukua. Ukiulizwa unawafahamu vipi, zimwage zote. Ushauri huu ni mbovu, na unadumu kwa sababu kwa mbali unafanana sana na bidii.

Kampuni hizi hukusanya fedha za mifuko ya pensheni, za benki za maendeleo na za matajiri, zikanunua hisa katika biashara, zikakaa humo miaka mitano au saba, kisha zikauza. Anayekusaili huenda alikuwemo kwenye kikao kilichoidhinisha ununuzi huo. Hakuna asilimia utakayomtajia ambayo haijui. Anachotafuta ni mtu ambaye akiwekewa mafaili kumi mezani ataweza kuyakataa tisa na kueleza sababu.

Halafu orodha yenyewe ni bango la biashara. Iliyofanikiwa huwekwa juu na picha nzuri, iliyozama hupewa mstari mmoja au hufutwa. Na mali hizi hubadilisha mikono. Java House, mkahawa ambao nusu ya usaili wa Nairobi huenda umefanyiwa ndani yake, iliingiwa na Emerging Capital Partners mwaka 2012, ikauzwa kwa Abraaj ya Dubai mwaka 2017, na Abraaj ilipoanguka, mwaka 2019 kampuni nyingine, Actis, ikachukua usimamizi wa mfuko ulioimiliki. Kijana aliyekariri makala ya zamani anaweza kumpongeza mtu kwa biashara aliyokwisha kuiuza.

Badala ya orodha nzima, chukua uwekezaji mmoja uufumue. Tena chagua uliokwenda vibaya. Mimi ningechagua ARM Cement, kampuni ya saruji iliyokuwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, kwa sababu hesabu zake zilikuwa wazi kwa kila mtu. Mwaka 2016 CDC, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Uingereza, iliingiza humo dola milioni 140. Kwenye karatasi hadithi ilivutia: Afrika Mashariki inajenga, watu wanahitaji saruji, na kampuni ilikuwa na kiwanda kipya Tanga kinachozalisha klinka (malighafi kuu ya saruji) yake yenyewe.

Sasa uliza fedha zile zilikwenda wapi. Sehemu kubwa ililipa madeni. Kulipa deni si dhambi, lakini hakuongezi mfuko hata mmoja wa saruji, na kunakulazimu kuuliza deni lilitoka wapi. Lilitokana na kujenga Tanga kwa mikopo, mingi ikiwa ya dola, huku saruji ikiuzwa kwa shilingi. Shilingi iliyumba, na ARM ikaonja hasara kabla fedha za CDC hazijafika. Kisha tazama ramani. Dangote, mshindani kutoka Nigeria, alikuwa ameanza kuzalisha Mtwara mwishoni mwa 2015, katika kiwanda chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na bei ya saruji Tanzania ikaporomoka. Haya yote yalikuwa yakionekana. Agosti 2018 ARM iliwekwa chini ya wasimamizi, na hisa zake zikasimamishwa sokoni.

Mwombaji anayeweza kusimulia hayo kwa dakika nne, kisha akasema ni sharti gani angelidai kabla ya kutia saini, au ni bei gani ingemfanya aondoke mezani, amejiandaa. Hahitaji kujua biashara nyingine ishirini.

Upande wa mafanikio vilevile. Mwaka 2020 mwekezaji Amethis na wenzake walichukua asilimia 30 ya Naivas, kampuni ya maduka makubwa, na mwaka 2022 wakaziuza hisa hizo kwa kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius. Asilimia 30 ni namba tu. Cha kuchimbua ni faida ilitoka wapi: je, ni mauzo yaliyokua huku washindani Nakumatt na Tuskys wakiacha maduka matupu na wasambazaji wa bidhaa wenye hasira, au ni mnunuzi aliyekubali kulipa zaidi kwa kila shilingi ya faida? Majibu hayo mawili hayana uzito sawa. La kwanza linaweza kuwa kazi ya menejimenti. La pili linaweza kuwa bahati ya soko.

Hapo ndipo kozi za Kimarekani zinapowapoteza vijana wetu. Zinawafundisha mahesabu ya kununua kampuni nzima kwa mkopo mkubwa, kana kwamba benki za hapa hukopesha kwa riba ya New York. Sehemu kubwa ya uwekezaji wa huku ni hisa chache ndani ya biashara ya familia, na mkopo ni mdogo au haupo kabisa. Mwenye hisa chache hawezi kumfukuza mkurugenzi wala kuuza anapotaka. Kwa hiyo maswali ya maana ni kiti kwenye bodi, haki ya kupinga madeni mapya, na kipengele kinachoeleza nani atazinunua hisa hizo ikiwa mnunuzi wa nje hatapatikana. Sijui kwa nini hili halitangulizwi darasani.

Wapo watakaosema kijana asiye na kazi hana ubavu wa kumwambia bosi kwamba alinunua vibaya. Adabu ina njia zake. Unaweza kumuuliza ni dalili gani waliiona mapema, au ni sharti gani wangeliongeza leo. Ukipewa jibu la kukwepa, umejifunza jambo kuhusu ofisi hiyo kabla hujasaini mkataba wake.

Na wasiwasi huo unasahau nani aliiangusha Abraaj. Ilikuwa kampuni iliyosifiwa kwenye kila jukwaa la uwekezaji, na ilikuwa na mfuko wa afya wa dola bilioni 1 uliomiliki hospitali hapa Nairobi. Wawekezaji wake, Bill & Melinda Gates Foundation wakiwemo, waliuliza fedha walizotoa kwa ajili ya hospitali ziko wapi na mbona hazijatumika. Mwaka haukuisha tangu swali hilo litoke hadharani mapema 2018, kampuni ikawa imeomba kufilisiwa katika Visiwa vya Cayman.