Unga wa Penseli si Grafini, Jamani!

Hivi tutaacha lini kuuziwa maneno? Wiki hii nimekutana tena na tangazo mtandaoni: chaja ya kubebeka "yenye grafini", eti kitu chenye nguvu mara 200 kuliko chuma cha pua. Nikatafuta vipimo. Ina matabaka mangapi? Kimya. Imetengenezwa vipi? Kimya.

Kwa asiyejua, grafini ni tabaka moja tu la atomi za kaboni, zimepangwa kama sega la nyuki. Rundika matabaka mengi, unapata grafiti, ile nyeusi iliyo ndani ya penseli. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walilibandua tabaka hilo kwa selotepu. Mwaka 2010 wakapewa Nobeli ya fizikia. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni hiyo 200. Mwaka 2008 watafiti wa Columbia, New York, walitandaza tabaka moja lisilo na kasoro juu ya vishimo vidogo sana, wakalisukuma kwa ncha ndogo mno mpaka likapasuka. Namba hiyo ni ya tabaka hilo. Ukiibandika kwenye ndoo ya unga mweusi, unadanganya. Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hii: mtu anapima kasi kwenye sava kubwa, kisha anamuuzia mwenye laptopu ya mtumba.

Na wala tatizo si kwamba grafini haitengenezeki. Ukipitisha gesi ya methani juu ya shaba yenye moto mkali, unapata shuka pana, lakini kulihamisha bila kulichana ni kazi. Njia ya bei nafuu ni kuibambua grafiti ndani ya kimiminika. Mwaka 2014 kikosi cha Jonathan Coleman wa Trinity College, Dublin, kilionyesha kwamba hata blenda ya jikoni na sabuni ya vyombo vinaweza. Ila kinachotoka ni mchanganyiko: vipande vyembamba, vinene, na grafiti tupu. Kuvitenganisha ndiko kunakokula pesa, na hapo ndipo mjanja anaporuka hatua.

Mnadhani natia chumvi? Mwaka 2018 watafiti wa Singapore walichapisha matokeo ya kupima bidhaa za makampuni 60. Nyingi zilikuwa na grafini chini ya asilimia 10. Hakuna hata moja iliyozidi asilimia 50! Ungenunua unga wa ugali ambao tisa ya kumi ni pumba?

Najua jibu la wauzaji: "Kwa saruji au rangi, hata vipande vinene vinasaidia." Sawa kabisa. Basi viuzeni kwa jina lao! Shirika la ISO liliyapanga majina tangu 2017: tabaka moja ni grafini, mawili ni grafini ya matabaka mawili, 3 hadi 10 ni grafini ya matabaka machache. Zaidi ya hapo, mzee, unauza grafiti.

Na si pesa tu. Mwaka 2021 Wizara ya Afya ya Kanada iliwaambia watu wasivae barakoa zilizotajwa kuwa na grafini, kwa hofu ya kuvuta chembe zake mapafuni. Baadhi ziliruhusiwa baadaye, lakini baada ya kuchunguzwa. Tunatakiwa kupima kwanza ndipo tuuze.

Kwa hiyo ukiambiwa "grafini", uliza maswali manne: matabaka mangapi, vipande vina upana gani, imetengenezwa kwa njia ipi, na nani aliipima kwa leza ya Raman. Mwenye mali halisi atakuletea karatasi. Asiyekuwa nayo atakuletea 200.

Mimi programu isiyo na maelezo siiweki kwenye mashine yangu. Iweje nilipie unga usio na vipimo? Wewe unayeuza, kama una karatasi, ilete hapa tuisome sote.