Mgongo Uliopinda na Nguvu za Miguu



Wazazi wengi, waonapo mgongo wa binti yao umepinda, humkataza kutembea mwendo mrefu wakichelea miguu itamlegea. Hofu hiyo inaeleweka, lakini humdhuru mtoto. Skoliosisi, yaani uti wa mgongo kupinda ubavuni, huwapata vijana 2 hadi 3 katika kila 100, na mara nyingi sababu yake haijulikani. Mkoba wa shule hauna lawama. Kwa walio wengi miguu hubaki na nguvu zake. Kinachoidhoofisha ni kukalishwa.

Basi mwacheni atembee. Joto lipunguapo jioni, ufuo wa Qurum au barabara ya pwani ya Matrah yatosha.

Ila miguu ikianza kufa ganzi, kukosa nguvu au kujikwaa ovyo, au mkojo ukimtoka bila ya kujizuia, huo si upinde wa kawaida. Huenda mishipa ya fahamu imebanwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akina mama, buibui huficha mengi. Mwambieni binti ainame mbele, mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwenziwe, amwone daktari. Hapa Muscat, Hospitali ya Khoula ni mashuhuri kwa maradhi ya mifupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mkanda mgumu wa mgongo huwaepusha wengi na upasuaji. Lakini mkanda humfaa mtoto angali anakua. Akishakoma kukua, wakati wake umepita.