Buni Mtindo Wako wa Kupigana, Lakini Ufungue Mlango

Wacha niseme hii maneno mapema ndio tusisumbuane baadaye: sina shida yoyote na mtu wa Kitengela anayebuni mtindo wake wa kupigana. Akitaka aupe jina, achore nembo, ashone sare ya rangi anayopenda na ajiite Masta Mkuu, ni sawa kabisa. Shida yangu inaanza pale anapochukua pesa ya mtu ati amfundishe kunyang'anya mwizi kisu.

Naanza hivyo kwa sababu kila klipu ya mwalimu wa hapa ikizunguka, nyinyi mnacheka kitu ambacho si chenyewe. "Ati karate ya Kite." "Ati kung fu ya Isinya." Mnacheka kwa sababu imebuniwa hapa. Kwani hizo zingine zilishuka na mvua?

Judo ilianza 1882. Kano Jigoro alikuwa na miaka 21, masomo ya chuo kikuu bado moto kichwani, akaanza kufundisha kwa chumba cha hekalu la Eishoji kule Tokyo. Mikeka 12, wanafunzi 9. Huo ni umri wa mtu anayengoja HELB iingie. Alichukua jujutsu aliyofunzwa na wazee, akatoa hapa, akaongeza pale. Taekwondo, ambayo watu hutuuzia kana kwamba ni ya enzi za mababu, jina lake lilianza kutumika Korea mwaka 1955. Bruce Lee aliipa yake jina Jeet Kune Do mwaka 1967. Na ukishuka Mombasa utapata vijana wetu wakipigania medali za Tong-Il Moo-Do, mtindo uliobuniwa na Mkorea Joon Ho Seuk mwaka 1979. Mashindano ya kimataifa hufanyika pale pale Pwani. 1979 manze! Mamangu alikuwa ashazaliwa. Tofauti yake na ya Kite ni kwamba hiyo ilikuja na ndege.

Halafu kuna capoeira, ambayo mizizi yake ni watu wetu, Waafrika waliopelekwa Brazil kama watumwa. Sheria ya 1890 ya huko iliifanya kosa la jinai. Mwaka 1932, Mestre Bimba, mtu mweusi asiye na mali, akafungua shule Salvador na kufundisha capoeira yake mwenyewe, akiwa ameichanganya na batuque, mchezo wa miereka ambao babake alikuwa bingwa. Alibuni. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Na hata hatuhitaji kuvuka bahari. Lamu watu hucheza kirumbizi kwa harusi na Maulidi, fimbo kwa fimbo mbele ya umati. Hapa hapa Kaunti ya Kajiado, kule Kimana, tangu 2012 kuna Olimpiki za Wamaasai. Morani ambao zamani wangethibitisha ujasiri kwa kuua simba sasa wanashindana kukimbia, kuruka, kurusha mkuki na kurusha rungu. Hebu fikiria hiyo ya rungu. Kuna shabaha, kuna umati, kuna morani wa upande mwingine anayetaka ukose. Ukikosa, umekosa. Hakuna kueleza ati rungu lako lina nguvu za ndani ambazo shabaha haiwezi kuzipokea. (Na siwezi kunyamaza kuhusu hili: tuna walimu Kite wanaohesabu mazoezi kwa Kijapani kibovu, na hawajawahi kukaa chini na kijana mmoja wa Bissil awaonyeshe vile fimbo hushikwa.)

Kwa hivyo kubuni ni haki yako. Sasa tuongee kuhusu kufundisha.

Binamu yangu anafanya kazi kiwandani kule EPZ Athi River. Shifti ikiisha usiku, anashukia stage ya Namanga Road na bado ana kipande cha kutembea hadi kwa ploti. Januari 2024, baada ya yale maandamano ya wanawake kupinga mauaji ya wanawake, aliamua lazima ajifunze kujikinga. Simlaumu hata kidogo. Akapata darasa moja hapa Kite, elfu mbili kwa mwezi, mtindo umebuniwa na mwalimu mwenyewe. Jina la darasa sitaji na musiniulize. Akanialika nikarekodi.

Mimi nimecheza ngumi miaka mitatu, kiwango cha kawaida tu, si bingwa. Lakini nilichoona hakihitaji bingwa. Mwanafunzi anarusha ngumi moja, mkono umenyooka, halafu anasimama hapo kama sanamu ya Kimathi. Mwalimu anafanya mambo saba juu yake: anapinda kifundo, anagusa koo, anazunguka, anamlaza chini. Makofi. Anakuja mwingine na kisu cha mbao, anadunga mara moja, polepole, anaacha mkono hewani ungoje kupindwa. Makofi tena.

Niliuliza kwa heshima kabisa: "Mwalimu, naomba tujaribu kitu. Nitashika kalamu nyekundu, ile ya kuandikia chati, na mwanafunzi wako avae tisheti nyeupe. Nidunge vile mtu wa mtaa hudunga, haraka, mara nyingi, nikivuta mkono. Tuhesabu alama."

Akatabasamu. "Kijana, mtindo huu ni hatari sana. Ukijaribiwa kwa nguvu, mtu atakufa."

Darasa likampigia makofi, na binamu yangu akaniangalia kama nimemwaibisha.

Hapo ndipo ubishi wangu wote uko. Ile sentensi, "ni hatari sana kujaribiwa", ndiyo alama ya bidhaa feki. Kano alikutana na shida hiyo hiyo zaidi ya miaka 140 iliyopita na akaitatua. Jujutsu ya wazee ilikuwa na mbinu za kuvunja na kutoboa ambazo hungeweza kumfanyia mwenzako kwa mazoezi, kwa hivyo watu walizirudia polepole na mtu anayekubali. Kano aliziweka kando kwenye mazoezi ya kupigana. Akabakisha zile za kutupa, kubana na kukaba ambazo mnaweza kufanyiana kwa nguvu zenu zote, leo, kesho, kila wiki, na mwenzako anakataa kabisa kuanguka. Mtu aliyemwangusha mwenzake asiyetaka kuanguka mara elfu moja anajua kuangusha. Aliye na mbinu ya kuua ambayo hajawahi kumfanyia mtu anayekataa ana hadithi tu. Wasee, hii inaonekana kinyume lakini ndivyo ilivyo: mbinu "laini" unayoifanya kwa nguvu inashinda mbinu "kali" unayoiigiza.

Na usifikirie mwalimu lazima awe tapeli. Kuna mzee Mjapani, Yanagi Ryuken, aliyekuwa akiangusha wanafunzi wake bila kuwagusa. Anapunga mkono, wanaanguka kama mahindi. Mwaka 2006 akakubali kupigana na mpiganaji ambaye si mwanafunzi wake. Mkono ukapungwa, jamaa hakuanguka, mzee akapigwa usoni hadi damu. Kinachonishangaza ni kwamba alikubali. Inaonekana alijiamini. Wanafunzi wake walikuwa wamemdanganya kwa heshima mpaka akasahau kwamba ni heshima. Ukifundisha watu wanaokupenda peke yao, hicho ndicho kinakungoja.

Sasa gharama. Binamu yangu, kabla ya hilo darasa, alikuwa analipa boda kutoka stage hadi mlangoni. Siku hizi anapita njia ya mkato, ile yenye giza, kwa sababu ana mkanda wa njano. Soma hiyo tena polepole. Elfu mbili kwa mwezi zimemwondoa kwenye boda na kumweka gizani. Asingejifunza chochote angekuwa salama zaidi. Hiyo ndiyo sababu siwezi kuchukulia hii kama kichekesho cha TikTok.

Na msiniambie ati kujikinga hakuwezi kufundishwa kwa watu wa kawaida. Kule Korogocho kuna nyanya, cucu wenye miaka sitini na zaidi, wanaojifunza kupigana kwa sababu walikuwa wanabakwa. Kundi lao linaitwa Cucu Jukinge. Hawana mikanda. Wanajifunza kupiga kelele, kulenga pua, kulenga chini, kukimbia. Na mwaka 2013 jarida la Journal of Adolescent Health lilichapisha utafiti kuhusu wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Wasichana 402 walipewa masomo ya kujikinga ya saa 12 yaliyotandazwa kwa wiki 6. Waliosema wamedhulumiwa kingono ndani ya mwaka walishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2. Kundi lililolinganishwa nao, ambalo halikupata masomo hayo, halikusonga sana. Zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema wametumia walichojifunza kuzuia shambulio katika mwaka uliofuata.

Hayo masomo pia yalibuniwa na mtu. Alikaa chini akachagua hiki na kuacha kile, kama mwalimu wetu. Lakini baadaye walirudi kuwauliza wasichana ilikuwaje, na wakaweka kundi la kulinganisha, jambo ambalo lingeweza kuwaaibisha mbele ya dunia nzima. Saa 12. Binamu yangu amemaliza saa 12 kitambo, na hakuna aliyewahi kumuuliza chochote isipokuwa ada.

Najua majibu yenu. "Una wivu." Sawa, tuseme ninao, kalamu bado inaandika. "Mwalimu amesajiliwa." Ni vizuri. Sheria ya Michezo ya 2013 ilituletea Msajili wa Michezo na klabu inafaa kusajiliwa, lakini Msajili hatembei na binamu yangu saa nne usiku. "Watoto wanapata nidhamu na mazoezi." Hilo nakubali kabisa, basi andika hivyo kwa bango! Andika mazoezi, nidhamu, kunyoosha viungo. Futa neno kujikinga, nami nitakuletea mtoto wa jirani Jumatatu.

Kuna mwingine atasema Bruce Lee naye hakuwa akishindana. Bruce Lee alikuwa na hofu ambayo walimu wetu hawana: mwaka 1970 alifunga shule zake kwa sababu hakutaka wanafunzi wachukue njia yake kama Biblia. Nionyeshe Masta Mkuu mmoja hapa Kajiado mwenye hofu hiyo.

Ninachoomba si kikubwa. Alika mabondia wa mtaa waje wapige wanafunzi wako kwa glavu. Chukua kijana wa fomu tatu anayecheza raga, mwambie amkumbatie mwanafunzi wako na asimwachilie. Peleka watu wako kwa mashindano ya wazi ambapo hakuna anayejua jina lako. Faith Ogallo hakufika Olimpiki za Tokyo kwa kupigana na marafiki. Alipigana na wageni waliotaka kumrudisha nyumbani. Mtindo wako ukipoteza, rekebisha, rudi tena. Kutoka hapo, siku moja kunaweza kutoka kitu cha kweli cha Kajiado, chenye fimbo na rungu na hesabu ya Kimaa, na nitakuwa wa kwanza kukitangaza kwa wafuasi wangu wote.

Binamu amelipia hadi mwisho wa mwezi. Jumamosi tunaenda naye tena, yeye na tisheti nyeupe, mimi na kalamu mbili kwa sababu ile ya kwanza imeanza kukauka. Mwalimu, ukisoma hii, saa nne asubuhi tuko hapo mlangoni.