Mwache alale mbugani usiku mmoja

  

Huenda nawe umeshaipata ile barua. Mtoto ametoka shuleni na karatasi iliyokunjwa mara nne, naye anangoja hadi ushibe ndipo aitoe. Chama cha wanyamapori cha shule kinakwenda Ziwa Nakuru, watalala hosteli usiku mmoja, mzazi atie sahihi na kutoa pesa. Wewe unaguna. Mbona wasiende asubuhi na kurudi jioni? Wanyama si ni wale wale?

Si wale wale, mzazi mwenzangu. Basi la shule huingia mbugani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Simba amejilaza kichakani, na nusu ya watoto nao wamelala vitini. Kijana anarudi nyumbani akiwa ameona mgongo wa nyati na foleni ya kununua soda.

Chama cha Wildlife Clubs of Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1968, kilijenga hosteli ndani ya mbuga hiyo ya Nakuru kwa ajili ya vijana kama wako. Hapo jua likizama ndipo somo linapoanza. Kuna mnyama aitwaye perere, mkubwa kama sungura tu, lakini akilia juu ya mti usiku utadhani mtu ananyongwa. Simba akinguruma, sauti husafiri hata kilomita nane. Kijana wa mtaani aliyezoea kelele za matatu anajifunika blanketi hadi puani, na kwa mara ya kwanza anaelewa kwamba yeye ndiye mgeni.

Halafu kuna jambo la vifaru. Darasani mtoto ameambiwa kwamba mwaka wa 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000, na kwamba kufikia mwisho wa miaka ya themanini walikuwa wamebaki chini ya 400. Ameandika daftarini, akapata alama zake, akasahau. Waliuawa kwa ajili ya pembe, kitu kilichoumbwa kwa yale yale yaliyo katika kucha zako. Lakini mtoto akilala mahali ambapo vifaru wenyewe wako gizani, na kuna askari wanaopiga doria swara wakiwa wamepumzika, ile hesabu inapata uso. Huyo askari naye ana watoto nyumbani.

Najua kuna wasomaji wanaonuna wakisoma haya. Kwenu wanyama si matembezi. Ndovu amemaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja, au fisi amebeba mbuzi wa karo. Sheria ya mwaka wa 2013 ilitaja fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini, lakini muulize anayeidai amekwenda ofisini mara ngapi. Nyanya akisema hataki kusikia habari za kulinda simba, usimcheke. Ana sababu.

Ndiyo maana nampenda sana yule kijana Richard Turere. Kwao ni kusini mwa Mbuga ya Nairobi, upande usio na ua, na simba walikuwa wakivuka na kuua ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, haukusaidia. Akasimamisha sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja akizungukazunguka na tochi akagundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 tu, akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha kumulika indiketa za pikipiki na balbu za tochi mbovu, akazifunga kuzunguka boma ziwe zikiwakawaka kwa zamu. Simba wakakaa mbali, ng'ombe wakapona, na hakuna simba aliyetiwa sumu. Mwaka wa 2013 alialikwa California kueleza alivyofanya. Kama angekuwa akilala fofofo usiku, asingegundua lolote.

Basi tia sahihi. Lakini kwanza nenda shuleni umuulize mwalimu maswali. Wasichana watalala wapi, na mwalimu gani wa kike yuko nao? Nani amebeba dawa? Kama pesa hazitoshi, omba ulipe kidogo kidogo kuanzia mwanzo wa muhula. Walimu wengi hukubali wakiambiwa mapema.

Mpe sweta nzito, maana Nakuru kuna baridi usiku, na tochi yenye betri mpya. Mkanye asitoke nje peke yake kwenda msalani. Na ule mkate na ndizi utakazomfungia, mwambie asiziache dirishani. Nyani wa Nakuru hawahitaji barua ya mzazi.