Mwili wa Mtumishi Usingoje Siku ya Kustaafu

MWAKA 2017, katika jiji la Hamburg nchini Ujerumani, mwandaaji wa mashindano Christian Toetzke na mchezaji wa mpira wa magongo Moritz Fürste, aliyetwaa medali za dhahabu za Olimpiki mwaka 2008 na 2012, walianzisha mchezo wa namna mpya uitwao Hyrox. Mashindano ya kwanza yalifanyika mjini humo mwaka 2018. Tangu wakati huo mchezo huo umeenea katika nchi nyingi, na wengi wanaoushiriki si wanamichezo wa kulipwa, bali ni watu wa kazi za kawaida.

Mshiriki hukimbia kilomita moja ndani ya ukumbi, kisha hufanya kazi moja ya nguvu. Hukimbia tena kilomita moja, akafanya kazi ya pili. Na huendelea hivyo mpaka atimize kilomita 8 na kazi 8. Huvuta kamba za mashine inayoiga mwendo wa mtu anayeteleza juu ya theluji, kwa mita 1,000. Husukuma chombo kizito cha chuma kisicho na magurudumu, kisha huvuta kingine kwa kamba, mita 50 kila kimoja. Hujilaza kifudifudi, akainuka na kuruka mbele, mpaka amalize mita 80. Hupiga makasia ya mashine kwa mita 1,000. Hubeba vyuma viwili mikononi kwa mita 200. Huenda mita 100 akigusisha goti chini kila hatua, mfuko wa mchanga ukiwa mabegani. Mwisho hurusha mpira mzito ukutani mara 100.

Jambo la kuzingatia hapa si ugumu wa kazi hizo, bali ni utaratibu wake. Washiriki hupangwa kwa umri, hivyo kwamba mtu wa miaka 52 hupimwa pamoja na rika lake, wala si pamoja na kijana wa miaka 25. Hakuna muda ambao ukipita mshiriki hutolewa; anayeshindwa kukimbia hutembea. Ndiyo maana wapo watu wa miaka 40, 50 na zaidi ya 60, ambao kwa miaka mingi hawakufanya mazoezi yoyote, wanaojiandikisha miezi kadhaa kabla ya mashindano, wakaanza kujiandaa kidogo kidogo kwa kuwa tarehe imekwisha kupangwa na haingoji.

Yawezekana mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya wenye fedha, na kwamba mtumishi wa umma wa Tanzania hana haja nayo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hyrox ni biashara. Mshiriki hulipa kiingilio, na mashine zake ni ghali. Tena, katika daraja la kawaida la mashindano hayo mwanamume hubeba chuma cha kilo 24 kila mkono, na mwanamke kilo 16. Mwanakijiji anayerudi kutoka kisimani na madumu mawili ya lita 20 amebeba kilo 40, pasipo kulipa kiingilio wala kupigiwa makofi.

Lakini hapo ndipo penye somo. Mwanakijiji huyo hana haja ya kufundishwa kubeba. Mwenye haja ni karani, mhasibu, mkaguzi na mwalimu, ambao kazi zao zimewaweka kitini kutwa. Kazi ya kubeba, kusukuma na kuvuta imeondoka katika maisha yao, lakini mwili wao haukubadilika kwa sababu ya kupata ofisi. Bado unadai kutumiwa, na usipotumiwa hudhoofika. Misuli ya binadamu huanza kupungua taratibu tangu umri wa utu uzima, na kwa mtu asiyeitumia hupungua kwa haraka zaidi.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa zamani. Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva waliokaa kitini walipatwa na maradhi ya moyo kwa wingi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Walipowaangalia watumishi wa posta, waliona tofauti ya namna hiyo hiyo kati ya makarani wa ofisini na wapeleka barua. Daktari Morris mwenyewe alishika desturi ya mazoezi, na alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Wala haifai kudhani kwamba aliyefika miaka 45 au 50 amekwisha chelewa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walieleza habari za wazee wachache, wastani wa umri wao ukiwa miaka 90, waliofanya mazoezi ya kuinua uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Ikiwa mzee wa miaka 90 aweza kurudishiwa nguvu, udhuru wa mtu wa miaka 48 ni mdogo.

Hapa nchini jambo hili si la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 juu ya watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Mtumishi wa umma hulazimika kustaafu akiwa na miaka 60, na miaka kumi ya mwisho ndiyo ambayo ujuzi wake umekomaa. Mwalimu akipatwa na kiharusi akiwa na miaka 54, shule humpoteza mtu ambaye chuo hakiwezi kumtoa kwa mwaka mmoja wala miwili, na jamaa zake hupata mgonjwa wa kuuguza. Mafao yaliyokusudiwa kumalizia nyumba huishia katika dawa.

Serikali haikulinyamazia suala hili. Mwezi Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa shughuli hiyo. Lengo lilikuwa jema. Hata hivyo, mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu mzima ahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kwa wiki nne hizo ni dakika 600, yaani saa 10. Asubuhi moja ya saa mbili kwa mwezi ni sehemu moja ya tano tu ya kipimo hicho cha chini, na mara nyingi ni ya kukimbia pekee.

Michezo ya watumishi nayo, kama ile ya SHIMIWI, ina sifa zake. Lakini timu huchagua wachache wenye uwezo, na wengine hubaki kuwa washangiliaji. Mbaya zaidi ni yale mabonanza ambamo mtu aliyekaa kitini miezi kumi na mmoja huvalishwa jezi asubuhi moja na kuambiwa akimbize mpira. Huyo hujengewa maumivu ya goti, si afya.

Kinachofaa kuigwa kutoka Hamburg, basi, si ukumbi wala mashine. Ni mambo matatu: tarehe inayojulikana mapema, kipimo kimoja kwa wote, na kila mtu kupimwa na rika lake. Ofisi au shule yoyote yaweza kuyatimiza. Uwanja wa shule watosha kwa mbio. Madumu ya maji, mfuko wa mchanga, kamba ya kuvutana na benchi la kupanda na kushuka hupatikana bila fedha za kigeni. Kwa kuanzia, kilomita 4 zenye kazi 4 katikati yake zatosha, na maandalizi yasipungue miezi mitatu: wiki za kwanza kutembea na kubeba nusu dumu, kisha kuongeza pole pole. Mwalimu wa michezo awe kiongozi, naye mkuu wa shule awe wa kwanza kuandika jina.

Zipo tahadhari mbili. Kwanza, kila aliyepita miaka 40 apimwe shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza, na anayesikia maumivu ya kifua aache mara moja akamwone daktari. Pili, muda upangwe kwa kuwafikiria akina mama. Mtumishi mwanamke akifika nyumbani hukuta kazi nyingine inamngoja, hivyo mazoezi ya jioni sana humwacha nje. Kazi za serikali humalizika saa 9:30 alasiri. Nusu saa kuanzia hapo, mara tatu kwa wiki, ni muda ambao wengi wanaweza kuumudu kabla ya kushika njia ya nyumbani.

Wakuu wa idara na walimu wakuu hawana haja ya kungoja waraka. Na wachague tarehe moja ya mwaka huu, waibandike kwenye ubao wa matangazo pamoja na kipimo chake, na majina yaanze kuandikwa. Anayemaliza wa mwisho apokewe kama anayemaliza wa kwanza, maana shabaha ni kwamba mtumishi afikapo miaka 60 aweze kutoka ofisini kwa miguu yake, akiwa na nguvu za kulima shamba lake na kuwalea wajukuu wake.